Simba Wala Watu wa Tsavo katika Field Museum, Chicago: Tathmini ya Onyesho

Wengi wanaoingia Field Museum hukimbilia mifupa ya dinosau Sue. Kwa msomaji wa Kiswahili, hasa aliyetoka Kenya, kilicho muhimu zaidi kimo ghorofa kuu, katika ukumbi wa mamalia wa Afrika. Nyuma ya kioo wamo simba madume wawili wasio na manyoya shingoni. Hao ndio waliokula wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898. Onyesho lao tunalipa alama za juu, lakini kwa sharti moja: usisimame mbele ya kioo ukidhani kwamba miili ile ndiyo ushahidi. Miili ni sehemu dhaifu kuliko zote. Ushahidi umo katika meno, na asiyejua habari za meno atatoka pale amebeba hadithi tu, nusu yake ikiwa si ya kweli.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 kuelekea Ziwa Viktoria ilifika mto Tsavo, kama kilomita 210 kutoka pwani, na pale likahitajika daraja. Msimamizi wa ujenzi wake, John Henry Patterson, aliwasili Machi 1898. Wafanyakazi, wengi wao Wahindi walioletwa kwa mkataba, walilala katika mahema yaliyotawanyika kando ya njia ya reli. Simba wawili wakaanza kuwanyakua usiku mmoja baada ya mwingine. Maboma ya miiba hayakusaidia, mioto haikusaidia, na kelele za makopo hazikusaidia. Ulitengenezwa mtego wa vyuma na mbao wenye vyumba viwili, askari wakakaa chumba cha ndani kama chambo. Simba aliingia, mlango ukafunga, askari wakapiga risasi ovyo, moja ikang'oa upau wa mlango na simba akaondoka zake. Kufikia Desemba wafanyakazi walikuwa wamechoka. Mamia walijilaza relini ili treni isimame, wakapanda na kurudi pwani, na kazi ikalala karibu wiki tatu. Habari zilifika hadi Bunge la Uingereza, ambako Waziri Mkuu Lord Salisbury aliwataja simba hao. Patterson alimuua wa kwanza usiku wa tarehe 9 Desemba akiwa juu ya dungu la miti minne, na wa pili tarehe 29 Desemba. Daraja lilikamilika mwanzoni mwa 1899.

Hayo yanajulikana. Sasa kwenye kioo.

Jambo la kwanza litakalomshangaza mgeni ni udogo wao. Patterson alimpima simba wa kwanza futi 9 na inchi 8 kutoka puani hadi ncha ya mkia, yaani karibu mita 2.95, na walihitajika wanaume wanane kumbeba hadi kambini. Wale walio kiooni hawafikii ukubwa huo, wala Patterson hakudanganya vipimo. Tatizo ni historia ya ngozi. Baada ya kuchunwa, ngozi hizo zilifanywa mazulia na kukaa sakafuni kwa Patterson miaka 25. Mwaka 1924, baada ya Patterson kutoa mhadhara Chicago, makumbusho yalinunua ngozi na mafuvu kwa dola 5,000, na mwaka 1925 simba wakawekwa hadharani.

Ngozi ya zulia ni kitu tofauti kabisa na ngozi ya kuvisha sanamu ya mnyama. Zulia hulazwa bapa, kwa hiyo mchunaji hupasua tumbo na kukata kingo zote zisizolala vizuri: ngozi laini ya tumboni, ya ndani ya mapaja, ya kwapani. Kisha hutiwa dawa na kunyooshwa. Mtaalamu wa makumbusho aliyepewa kazi ya kuwasimamisha, Julius Friesser, alipokea ngozi zenye upungufu katika sehemu zilezile zinazohitajika ili kuzungusha mwili mzima. Zaidi ya hapo zilikuwa na matundu ya risasi, na michubuko ambayo Patterson mwenyewe aliiona siku alipowaua, akaeleza kuwa ilitokana na miiba ya maboma waliyoyapenya mara kwa mara. Ngozi ikipungua, njia ni moja tu: kutengeneza kiini cha mwili kidogo ili ngozi itoshe. Friesser alifanya hivyo, na kwa hali ya malighafi aliyopewa kazi yake ni ya kuheshimika. Lakini ukitazama tumbo, mabega na mapaja, ujue kwamba unatazama uamuzi wa fundi, si umbo la simba wa 1898. Hata ndani ya vichwa vile hamna mafuvu. Mafuvu halisi yamesajiliwa peke yake katika mkusanyiko wa makumbusho, nambari FMNH 23969 na FMNH 23970.

Jambo la pili ni shingo tupu. Baadhi ya wageni hupita wakisema kwamba ni majike, na wengine wakidhani manyoya yameoza kwenye mazulia. Yote mawili si kweli. Filamu ya 1996 iliyotangaza kisa hiki duniani ilitumia simba wenye manyoya mengi shingoni, na tangu hapo watu huja wakitafuta simba wa filamu. Madume wa Tsavo kwa kawaida huwa na manyoya haba au hawana kabisa, hata leo. Sababu kubwa inayoungwa mkono na utafiti ni joto. Manyoya mengi huzuia mwili kupoa, na simba wanaokua sehemu za baridi huota manyoya mengi kuliko wanaokua sehemu za joto, jambo lililoonekana hata kwa simba wa bustani za wanyama za Marekani. Vichaka vya miiba vya Tsavo navyo hutajwa, lakini joto ndilo lenye uthibitisho mzuri zaidi. Kwa hiyo shingo zile zimeonyeshwa sawasawa. Kati ya yote yaliyomo katika sanduku lile, hilo ni moja ya machache unayoweza kuyaamini kwa macho yako.

Sasa mafuvu, na hapa ndipo tunapomsihi mtu atafute picha za nambari zile mbili kabla hajakata tiketi.

Fuvu 23970 ni la simba aliyeuawa kwanza. Chonge lake la chini upande wa kulia limevunjika, na kwenye ncha ya mzizi kuna tundu lililoachwa na jipu. Meno matatu ya mbele ya taya la chini, upande huohuo, hayapo. Kwa sababu jino la chini halikuwepo kulizuia la juu, meno yalihama na taya likakaa upande. Hayo si majeraha ya siku moja. Mfupa umejijenga upya kuzunguka jeraha, maana yake mnyama aliishi nalo muda mrefu. Simba huua nyati au punda milia kwa kumkaba koo au kumziba mdomo na kushikilia hadi pumzi ikatike, na nguvu zote hupita kwenye chonge. Mwenye jipu mzizini hawezi kushikilia mnyama anayerusha mateke. Mwanadamu aliyelala hemani hana pembe wala kwato, na ngozi yake ni laini.

Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 2000 na Ellis Neiburger, daktari wa meno, pamoja na Bruce Patterson wa makumbusho hayohayo (asichanganywe na Patterson wa daraja). Ni maelezo yenye nguvu, lakini yana mwanya ambao wageni wengi hawauoni. Simba wa pili, 23969, ana gego la kukatia la juu kushoto lililovunjika, na jeraha hilo si kubwa kiasi cha kumzuia kuwinda. Isitoshe, simba wengi wa porini huvunjika meno na hawali watu. Kwa hiyo jino bovu linaeleza kwa nini mmoja alipenda windo rahisi. Halielezi kwa nini mwenzake alifuatana naye miezi yote ile. Madume hushirikiana, na mzima huweza kula anachokula mgonjwa. Hilo linawezekana, lakini ni dhana juu ya dhana.

Kuna sababu za kimazingira zinazokamilisha picha. Miaka ya 1890 sotoka, maradhi ya mifugo, ilipita Afrika Mashariki ikamaliza ng'ombe na nyati, na nyati ni windo kuu la simba wa Tsavo. Ukame ukafuata. Pia njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilivuka mto Tsavo kwa miaka mingi, na waliokufa njiani waliachwa bila kuzikwa. Simba wa eneo lile walikuwa na nafasi ya kuzoea nyama ya mtu kabla treni ya kwanza haijafika. Mtu anayesema sababu ni moja, iwe ni jino, sotoka au misafara, anarahisisha mno.

Tufike kwenye idadi, kwa kuwa ndilo swali linaloulizwa kila mara mbele ya kioo: walikula watu wangapi?

Kuna majibu matatu. Katika kitabu chake cha 1907 Patterson aliandika kwamba waliuawa Wahindi 28 wa reli, pamoja na Waafrika wasiojulikana idadi kwa sababu hakuna aliyewaandika. Mwaka 1925, katika kijitabu alichokiandikia Field Museum baada ya kuuza ngozi, idadi ikawa 135. Hiyo 135 ndiyo iliyoenea, na ndiyo utakayoisikia ikitajwa na watu wengi. Ilitoka kwa muuzaji, baada ya mauzo, robo karne tangu matukio. Hatusemi kwamba ni uongo, maana Waafrika waliouawa kweli hawakuhesabiwa. Tunasema haina daftari nyuma yake.

Jibu la tatu lilichapishwa mwaka 2009 na kundi lililoongozwa na Justin Yeakel. Njia yao ifahamike vizuri, kwa sababu ndiyo inayoonyesha thamani ya kuhifadhi ngozi na mifupa miaka mia. Chakula huacha alama mwilini kwa uwiano wa isotopu (aina za atomi zinazotofautiana kwa uzito) za kaboni na nitrojeni. Mla nyasi ana uwiano wake, mla majani ya miti ana wake, na mwanadamu ana wake. Watafiti walipima wanyama wanaowindwa Tsavo na masalia ya Wataita wa zamani ili wapate alama za kulinganishia, kisha wakapima simba. Mfupa hujengeka polepole, kwa hiyo unaeleza chakula cha miaka mingi. Unywele huota kwa miezi, kwa hiyo unaeleza miezi ya mwisho tu. Mifupa ilionyesha simba wa kawaida wanaokula wanyama wa porini. Nywele zilionyesha kwamba mwishoni mlo ulibadilika, na kwa mmoja wao watu walikuwa karibu asilimia 30 ya chakula. Ukigeuza hayo kuwa watu, unapata takriban 35 kwa wote wawili: kama 24 kwa mmoja na 11 kwa mwingine.

Wanaonukuu utafiti huu hukosea mara mbili. Kwanza, huacha kutaja upana wa makisio. 35 ndiyo namba yenye uwezekano mkubwa, lakini hesabu inaruhusu kuanzia 4 hadi 72. Pili, husahau kwamba kipimo hupima nyama iliyoliwa. Mtu aliyeuawa akaachwa, au aliyejeruhiwa akafa baadaye, hayumo katika unywele wa simba. Kwa hiyo 35 haiwezi kutumika kufuta 28 za Wahindi wala kuthibitisha kwamba Waafrika walikuwa wachache. Inachosema kwa uhakika ni kwamba 135 walioliwa kikamilifu haiwezekani.

Tofauti nyingine ya kuvutia imo katika sauti. Patterson aliandika kwamba usiku alisikia mifupa ikitafunwa. Mwaka 2017 Larisa DeSantis na Bruce Patterson walichunguza mikwaruzo midogo sana juu ya meno, ambayo huonyesha chakula cha siku au wiki za mwisho. Mnyama anayevunja mifupa huacha mashimo na mikwaruzo mizito, kama ya fisi. Meno ya simba wa Tsavo hayakuwa nayo. Yalifanana zaidi na ya simba wa bustani za wanyama waliolishwa nyama laini. Maana yake ni kwamba hawakuwa na njaa ya kumalizia mizoga hadi mifupa. Huenda masikio ya mtu mwenye hofu gizani yalisikia zaidi ya kilichokuwepo, au mifupa iliyovunjwa ilikuwa michache. Vyovyote vile, dhana ya simba waliofilisika hadi kula kila kitu haina msaada katika meno yao.

Utafiti wa karibuni zaidi, wa 2024, ulitokana na jambo ambalo mtu mwingine angelisafisha na kulitupa. Miaka ya 1990 Thomas Gnoske wa Field Museum aliona kwamba mashimo ya meno yaliyovunjika yamejaa nywele zilizoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Kundi lililoongozwa na Alida de Flamingh wa Chuo Kikuu cha Illinois likazitoa kwa uangalifu na kusoma DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama. Walipata twiga, choroa, kuro, punda milia, nyumbu na mwanadamu. Walipata pia nywele za simba wenyewe, na zile zilionyesha ukoo mmoja wa mama kwa wote wawili, jambo linaloafikiana na dhana ya muda mrefu kwamba walikuwa ndugu.

Nyumbu ndiye fumbo jipya. Hakutarajiwa Tsavo wakati ule, na malisho ya karibu yaliyojulikana kuwa na nyumbu yako kama kilomita 90. Ama simba wale walisafiri mbali kuliko ilivyodhaniwa, ama nyumbu walikuwepo Tsavo na habari zao hazikuandikwa. DNA ya nyati haikuonekana, ila unywele mmoja tu uliotambuliwa kwa darubini, na hilo linaendana na uharibifu wa sotoka. Kuhusu nywele za binadamu, watafiti walijizuia kwa makusudi kuzichambua kwa undani, kwa kuwa huenda wazao wa waliouawa wapo na wanastahili kuhusishwa kwanza. Uamuzi huo tunauheshimu sana. Ni adabu ambayo kisa hiki kimekosa kwa zaidi ya miaka mia.

Na hadithi za mizimu? Wafanyakazi waliamini kwamba wale si simba, ni roho za machifu wawili wa zamani waliokasirishwa na reli kupita nchini mwao, na kwamba risasi haziwezi kuwadhuru. Imani hiyo iliandikwa na Patterson mwenyewe. Tunaiweka mahali pake: ni maelezo ya watu walioona bunduki zikishindwa usiku baada ya usiku, na wakaiona reli yenyewe kuwa kitu cha kuchokoza nchi. Kuirudia kama mzaha wa wajinga ni kosa. Kuirudia kama ukweli wa kuuzia tiketi ni kosa vilevile.

Pango ni mkasa mwingine unaohitaji tahadhari. Baada ya kuwaua simba, Patterson alikuta pango lenye mifupa ya watu na mapambo yao, akaliita makao ya wala watu. Picha yake ilisambaa. Miaka ya 1990 wataalamu wa Field Museum walilitafuta tena wakalipata, na waliochunguza wakaegemea maelezo tofauti: simba hawana tabia ya kubeba mizoga na kuirundika pangoni, na Wataita walikuwa na desturi ya kuhifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango. Yaliyoitwa mabaki ya karamu ya simba yaelekea yalikuwa maziko ya watu. Mtu yeyote anayekupa ziara na kutaja pango bila maelezo haya, mwulize.

Kuna mkanganyiko wa tatu ambao tunausikia mara nyingi kuliko yote, nao ni wa Ryall. Charles Ryall alikuwa ofisa wa polisi wa reli aliyeburutwa na simba kutoka ndani ya behewa stesheni ya Kima, mwaka 1900. Simba wa Tsavo walikuwa wamekufa tangu 1898. Yule wa Kima ni mwingine kabisa. Behewa lenyewe lipo Nairobi, katika Makumbusho ya Reli karibu na stesheni kuu, na kwa msomaji aliye Kenya ndicho kitu cha karibu zaidi anachoweza kukiona kinachohusiana na simba na reli. Linastahili kutembelewa. Usilichanganye tu na hawa wa Chicago.

Sasa namna ya kutazama. Kioo huakisi taa za ukumbi, na ndani ya sanduku mwanga ni hafifu. Zima mweko wa simu, sogeza lenzi karibu kabisa na kioo, na vaa nguo nyeusi au ya rangi nzito ili usijione mwenyewe kwenye picha. Anza na nyuso, kisha shingo, kisha shuka kwenye tumbo na miguu ukikumbuka habari za mazulia. Asubuhi mapema siku za kazi ni bora, kabla ya mabasi ya shule. Wakati wa likizo za shule watoto hujazana mbele ya kioo na hutaweza kusimama dakika tano bila kusukumwa. Kwa mtoto mdogo tunashauri umweleze kisa nyumbani kwanza. Pale ukumbini sauti ni nyingi, na habari ya watu kuliwa haifai kusimuliwa kwa kupiga kelele.

Usiwaone simba wawili ukaondoka. Katika jengo hilohilo yumo simba wa Mfuwe, kutoka Zambia, naye hayuko pamoja na hawa. Uliza mhudumu akuonyeshe. Aliua watu sita mwaka 1991 katika bonde la Luangwa, na urefu wake ni kama mita 3.2. Naye hakuwa na manyoya ya shingoni. Inasimuliwa kwamba baada ya kumuua mwanamke mmoja alirudi kijijini na kubeba mfuko wake wa nguo, na wanakijiji wakamchukulia kuwa si mnyama wa kawaida. Yeye ni muhimu kwa mlinganisho: alitayarishwa kutoka ngozi mpya, si zulia, kwa hiyo umbo lake ni la kuaminika. Ukimwona yeye kisha ukarudi kwa wawili wa Tsavo, upungufu wa ngozi zao utauona bila kuambiwa. Kwamba wametenganishwa ni kasoro ya mpangilio. Wangewekwa pamoja, onyesho lingejieleza lenyewe. Katika ukumbi mkubwa wa kati wapo pia ndovu wawili wanaopigana, kazi ya Carl Akeley kutokana na safari ya Afrika Mashariki ya 1905 hadi 1906. Kwa ufundi wa kuvisha ngozi, ndovu hao wako juu kuliko simba.

Upungufu mkubwa wa kisa hiki, hapa na kila kinaposimuliwa, ni majina. Simba wana majina ya kutisha waliyopewa, tarehe za kufa, vipimo na nambari. Katika waliouawa, anayejulikana sana ni Ungan Singh, jemadari aliyechukuliwa hemani mbele ya wenzake. Wengine wa Kihindi wamebaki kuwa idadi, na Waafrika hawana hata idadi. Wito wa kurudisha masalia Kenya umewahi kutolewa, na tunauona una haki. Pamoja na hayo, atakayeyapokea lazima awe na chumba chenye joto na unyevu unaodhibitiwa mwaka mzima, kwa sababu ngozi za miaka zaidi ya 120 zilizowahi kukanyagwa hupasuka hewa ikiwa kavu na huota ukungu ikiwa na unyevu. Hilo ni suala la bajeti na vifaa, linalotatulika.

Tiketi ya kawaida inatosha kuwaona simba wote watatu na ndovu. Huhitaji kuongeza fedha kwa maonyesho maalumu wala filamu. Wakazi wa jimbo la Illinois wana siku za kuingia bure, zinazotangazwa kwenye kalenda ya makumbusho, nao hutakiwa kuonyesha kitambulisho chenye anwani. Ukitumia treni za mjini, shuka stesheni ya Roosevelt, inayohudumiwa na njia nyekundu, kijani na chungwa, kisha tembea kuelekea ziwani au panda basi namba 146. Tenga saa moja kwa simba peke yao. Majira ya baridi upepo wa ziwa ni mkali kati ya stesheni na mlango, kwa hiyo vaa koti zito hata kama mwendo ni mfupi. Ndani kuna mahali pa kuliacha.